Mwaka wa shule na likizo katika nchi za Ulaya

Mwaka wa shule katika nchi za Ulaya ni kipindi cha masomo ambacho kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa Agosti na Septemba na kumalizika kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Julai wa mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo huandikwa kwa miaka miwili, kwa mfano 2023/2024, tofauti na Tanzania au Kenya ambako shule hufunguliwa Januari na mwaka wa shule kulingana na mwaka wa kalenda.

Hakuna kalenda moja ya shule kwa Ulaya nzima. Hata ndani ya Umoja wa Ulaya, mpangilio wa elimu umeachwa mikononi mwa kila nchi, na baadhi ya nchi zimeuachia mikoa, majimbo au hata halmashauri za miji. Matokeo yake ni kwamba siku moja ya mwezi wa Agosti mtoto wa Uskoti anaweza kuwa darasani, wa Bavaria yuko katikati ya likizo, na wa Italia bado ana mwezi mzima wa kupumzika.

Idadi ya siku za masomo inatofautiana pia. Denmark na Italia zinahesabu siku 200 kwa mwaka, England na Norwei 190, Uswidi zisizopungua 178, Hispania zisizopungua 175 kwa elimu ya lazima, na shule za sekondari za Eire pungufu ya hizo. Lakini hesabu ya siku peke yake inaweza kumdanganya msomaji. Shule yenye siku chache inaweza kuwa na saa nyingi kwa siku, na shule nyingi za Italia hufundisha hadi Jumamosi ili kutimiza saa zake za juma.

Asili ya kalenda

Husemwa mara nyingi kwamba likizo ndefu ya kiangazi ilitokana na mavuno. Maelezo hayo ni kweli nusu. Kazi za shamba zilizohitaji mikono ya watoto hazikuwa za kiangazi tu; nyingi zilikuwa za masika na za vuli, yaani kupanda, kuchunga na kuchimba viazi. Likizo ya kiangazi ilitokana pia na desturi ya vyuo vikuu, mahakama na shule za watu wenye uwezo kufunga milango wakati wa joto. Desturi hizo mbili zilikutana pale elimu ilipofanywa ya lazima kwa watoto wote: Prussia ilitoa sheria yake mwaka 1763, England ilianza kulazimisha mahudhurio kote mwaka 1880, na Ufaransa mwaka 1882. Serikali ziligundua upesi kwamba ni rahisi kuandika sheria kuliko kumtoa mtoto shambani.

Mfano mzito ni ule wa watoto wa milima ya Alpi waliojulikana kwa Kijerumani kama Schwabenkinder, "watoto wa Swabia". Kwa karne kadhaa familia maskini za Tirol, Vorarlberg na mashariki mwa Uswisi ziliwatuma watoto wao kila mwaka kutembea kwa miguu, kupita kwenye theluji ya mwisho wa majira ya baridi, hadi Swabia ya Juu kusini mwa Ujerumani. Huko walisimamishwa sokoni, katika miji kama Ravensburg na Friedrichshafen, wakulima wakawachagua. Walichunga ng'ombe na kufanya kazi za shamba kuanzia Machi hadi Novemba, kisha wakarudi nyumbani na jozi ya nguo na fedha kidogo. Masomo yao yalikuwa ya majira ya baridi tu, na kwa miezi mingine waliruhusiwa kutohudhuria shule. Desturi hiyo ilififia baada ya mwaka 1921, pale Württemberg ilipowalazimisha watoto wa kigeni nao kuhudhuria shule, kwani mtoto aliyetakiwa kuwa darasani hakuwa na faida kwa mwajiri.

Mabaki ya wazi zaidi ya kalenda ya shamba ni likizo ya Oktoba. Wazee wa Ujerumani, Denmark na Uskoti, kila kundi kwa lugha yake, bado huiita "likizo ya viazi", ingawa leo watoto wachache sana wameshika jembe katika juma hilo. Kusini mwa England mwezi wa Septemba ulikuwa wa kuchuma hopi, mmea unaotiwa katika bia, na familia nzima za mashariki mwa London zilihamia mashamba ya Kent kwa majuma kadhaa, watoto wakiwamo, shule ziwe zimefunguliwa au la.

Si likizo zote zilizaliwa shambani. Ile ya michezo ya majira ya baridi nchini Uswidi ilianza mwaka 1940 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa sababu ya uhaba wa makaa ya kupashia moto majengo. Shule zilifungwa kwa juma moja ili kuokoa makaa, na ili watoto wasizurure mitaani wakaandaliwa michezo ya thelujini. Vita vikaisha, makaa yakapatikana, likizo ikabaki.

Jambo jingine lililobadili maana ya likizo ni haki ya wazazi kupumzika. Nchini Ufaransa wafanyakazi walipata majuma mawili ya likizo yenye malipo mwaka 1936, na tangu hapo likizo ya shule ikawa suala la familia nzima, reli, hoteli na fukwe. Kwa watoto ambao wazazi wao hawakuweza kusafiri kulikuwa na kambi za likizo; ya kwanza inayojulikana iliandaliwa na mchungaji Hermann Walter Bion wa Zürich mwaka 1876, aliyewapeleka watoto maskini wa mji milimani Appenzell ili wapate hewa safi na chakula.

Kuhamisha mwanzo wa mwaka

Septemba haikuwa daima mwezi wa kuanza. Katika sehemu kubwa ya Ujerumani Magharibi mwaka wa shule ulianza baada ya Pasaka, wakati Bavaria ilianza vuli kama nchi jirani. Ili kuwa na mwanzo mmoja, majimbo mengi yalipitisha miaka miwili mifupi ya shule: wa kwanza kuanzia Aprili hadi Novemba 1966, wa pili kuanzia Desemba 1966 hadi Julai 1967. Wanafunzi walitakiwa kumaliza madarasa mawili kwa miezi 16 badala ya 24. Walimu walipunguza mada na wazazi waliogopa kwamba kizazi kizima kingeharibiwa. Mwanauchumi Jörn-Steffen Pischke alichunguza jambo hilo miaka mingi baadaye, na katika makala yake ya mwaka 2007 alionyesha kwamba waliokariri darasa waliongezeka, lakini mishahara ya wanafunzi hao walipokuwa watu wazima haikupungua.

Uswisi ilikuwa na tatizo kama hilo hadi karibu zaidi. Baadhi ya majimbo yake, yaitwayo kantoni, yalianza shule masika na mengine mwisho wa kiangazi, hivyo familia iliyohama bonde moja hadi jingine ilipoteza au kupata nusu mwaka. Jambo hilo liliamuliwa kwa kura ya wananchi mwaka 1985: mwaka wa shule uanze kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba. Tarehe za likizo zenyewe zilibaki kwa kila kantoni, na ziko 26.

Nchini Italia shule zilifunguliwa tarehe 1 Oktoba hadi miaka ya 1970. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Remigio, na watoto wa darasa la kwanza waliitwa kwa jina lake, remigini. Jina limeishi kuliko tarehe.

Ujerumani

Ujerumani ina majimbo 16, na kila moja lina wizara yake ya elimu. Mapatano ya Hamburg ya mwaka 1964 yaliweka msingi wa pamoja: likizo zote za mwaka ni siku 75 za kazi, ambamo Jumamosi kadhaa huhesabiwa, na kiangazi huchukua takriban majuma sita. Siku zinazobaki hugawanywa kati ya Krismasi, Pasaka, vuli na, mahali pengine, Februari au Pentekoste, kila jimbo kwa namna yake.

Likizo ya kiangazi hupangwa na mkutano wa kudumu wa mawaziri wa elimu wa majimbo kwa mzunguko. Majimbo hugawanywa katika makundi, na tarehe za kila kundi husogea mwaka hadi mwaka. Kusudi ni kuzuia watu zaidi ya milioni 80 wasiingie barabara kuu wikiendi moja, na kuzipa hoteli za pwani ya kaskazini na za milimani msimu mrefu wa biashara. Mwaka 2024, kwa mfano, watoto wa Niedersachsen walianza likizo tarehe 24 Juni na wa Bavaria tarehe 29 Julai. Wale wa kwanza waliporudi darasani mwanzoni mwa Agosti, wa pili walikuwa wamepumzika juma moja tu.

Majimbo mawili ya kusini, Bavaria na Baden-Württemberg, hayamo katika mzunguko. Huwa ya mwisho kila mwaka, na likizo yao hufika hadi katikati ya Septemba. Zamani sababu iliyotolewa ilikuwa kazi ya mavuno. Siku hizi hutajwa likizo yao ya majuma mawili ya Pentekoste, kwa kuwa kati ya Pentekoste na likizo inayoanza Juni usingebaki muda wa kufundisha na kutahini. Majimbo mengine hayaridhiki. Jimbo linalozunguka hupata mwaka mmoja muhula mrefu wa pili na mwaka mwingine mfupi, na mwalimu hulazimika kubana mtaala uleule katika majuma machache. Malalamiko hayo yana uzito, lakini hadi sasa kusini haijakubali kuachia nafasi yake.

Nchi hiyo huchukulia mahudhurio kwa ukali. Mwaka 2018, kabla ya likizo ya Pentekoste, polisi wa Bavaria walikagua familia katika viwanja vya ndege vya Nürnberg na Memmingen na kuwaripoti wazazi waliosafiri na watoto waliotakiwa kuwa shuleni. Uholanzi nayo ina maofisa wa mahudhurio wanaofanya ukaguzi kama huo katika uwanja wa Schiphol. Kwa upande mwingine shule za Ujerumani zina desturi ya kuwaruhusu wanafunzi kwenda nyumbani mapema siku ya joto kali, uamuzi unaoachwa kwa mwalimu mkuu katika majimbo mengi. Mtoto wa darasa la kwanza hupewa siku yake ya kwanza mfuko mkubwa wa karatasi ngumu wenye umbo la pia, uliojaa peremende, penseli na vitu vya kuchezea. Baadhi ya watoto huubeba ukiwa karibu na kimo chao.

Katika Ujerumani Mashariki ya zamani mambo yalikuwa tofauti: nchi nzima ilifungua tarehe 1 Septemba, na likizo ya kiangazi ilikuwa ya majuma manane.

Ufaransa

Kinyume cha Ujerumani, Ufaransa hupanga kalenda yake Paris, katika wizara moja. Sheria inataka majuma yasiyopungua 36 ya masomo yaliyogawanywa katika vipindi vitano. Kati ya vipindi hivyo kuna likizo nne za majuma mawili kila moja, yaani ya Watakatifu Wote, ya Krismasi, ya majira ya baridi na ya masika, kisha likizo ya kiangazi ya takriban majuma manane.

Likizo za majira ya baridi na masika hutolewa kwa kanda tatu, A, B na C, zinazopishana kwa juma moja. Tangu mwaka 2015 Paris na Toulouse zimo katika kanda C, Lyon na Bordeaux katika A, Marseille, Lille na Strasbourg katika B. Anayefaidika kwanza ni mwenye hoteli milimani, kwa maana wateja wa kuteleza kwenye theluji humfikia kwa majuma manne badala ya mawili. Ndugu wanaoishi kanda tofauti, au watoto ambao wazazi wao wametengana na kuishi mbali, wanaweza kukosa hata siku moja ya likizo hizo kuwa pamoja.

Upekee mwingine ni siku ya katikati ya juma. Sheria ya mwaka 1882 iliondoa mafundisho ya dini katika shule za serikali, lakini ikatenga siku moja, mbali na Jumapili, ili wazazi wanaotaka wawapeleke watoto kwenye katekisimu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi; mwaka 1972 ikahamishiwa Jumatano. Mwaka 2008 shule za msingi ziliwekewa juma la siku nne, mwaka 2013 ikaongezwa asubuhi moja, na mwaka 2017 halmashauri za miji zikaruhusiwa kurudia siku nne, jambo ambalo nyingi zilifanya. Ni nadra kwa nchi kubadili juma la shule mara tatu katika muda usiofika miaka kumi.

Maeneo ya Ufaransa yaliyo ng'ambo ya bahari yana kalenda zao. Katika kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi shule hufunguliwa katikati ya Agosti, na likizo ndefu huwa kuanzia Desemba hadi Januari, kwa kuwa ndipo penye joto na vimbunga. Mayotte, iliyoko katika funguvisiwa la Komoro na ambayo watu wake husema Kishimaore, lugha ya Kibantu yenye undugu na Kiswahili, imekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu mwaka 2011 na ina ratiba yake pia.

Ubelgiji na Uholanzi

Ubelgiji hugawanya elimu kwa lugha. Shule zote zilifunguliwa kwa miaka mingi tarehe 1 Septemba na kufungwa mwezi wa Julai na Agosti. Mwaka 2022 jumuiya inayotumia Kifaransa ilibadilisha mpango: majuma saba hivi ya masomo hufuatwa na majuma mawili ya likizo, na kiangazi kikapunguzwa kutoka majuma tisa hadi saba. Wanaotetea hoja hiyo wanasema mwili wa mtoto huhitaji mapumziko ya mara kwa mara, na kwamba likizo ndefu humsahaulisha hasa mtoto asiye na vitabu nyumbani. Jumuiya ya Kiflemi na ile ndogo ya Kijerumani hazikufuata. Taabu imekuwa kubwa mjini Brussels, ambako shule za lugha mbili kuu ziko mtaa mmoja: mama anayefundisha shule ya Kifaransa na kumpeleka mtoto wake shule ya Kiflemi hujikuta kazini mtoto akiwa nyumbani, na nyumbani mtoto akiwa darasani.

Uholanzi ina kanda tatu, Kaskazini, Kati na Kusini, na kiangazi cha majuma sita kinachopishana. Mtoto wa huko hahitaji kusubiri ufunguzi wa mwaka. Anaweza kuingia darasani mara anapotimiza miaka minne, hivyo darasa la wadogo hupokea wageni mwaka mzima.

Uingereza na Eire

England ina mihula mitatu, ya vuli, masika na kiangazi, na kila mmoja hukatwa na juma moja la mapumziko katikati. Likizo ya kiangazi huanza karibu na mwisho wa Julai na kuchukua majuma sita. Leicester na maeneo ya jirani hufunga mapema kidogo, urithi wa zamani ambapo viwanda vya mji vilifungwa kwa pamoja mwezi wa Julai. Uskoti hufunga mwishoni mwa Juni na kufungua katikati ya Agosti. Eire ya Kaskazini hupumzika Julai na Agosti. Katika Jamhuri ya Eire shule za sekondari hufunga miezi mitatu kamili, Juni ikitumika kwa mitihani ya taifa.

Kwa kuwa nauli za ndege na bei za hoteli hupanda mara shule zinapofungwa, wazazi wengi wa England wamejaribu kusafiri wakati wa masomo. Faini ya mzazi mmoja kwa mtoto mmoja ilikuwa pauni 60, na tangu Agosti 2024 ni pauni 80, ikiongezeka hadi 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Mwaka 2017 kesi ya baba mmoja wa Isle of Wight, aliyempeleka binti yake Florida na kukataa kulipa, ilifika Mahakama ya Juu. Alidai kwamba mtoto aliyehudhuria zaidi ya asilimia 90 ya siku amehudhuria "mara kwa mara" kama sheria inavyotaka. Mahakama ilikataa: maana yake ni kufuata kanuni za shule. Uamuzi huo ulimaliza hoja ya kisheria, lakini haukumaliza lile la msingi, kwamba mwenye kipato kidogo hulipia safari ileile bei kubwa zaidi kwa sababu ya tarehe tu.

Nchi za kaskazini

Katika Skandinavia na Ufini watu hutaja likizo kwa namba za majuma ya mwaka. Likizo ya vuli ya Denmark ni "juma la 42", na kila mtu anaelewa. Shule hufunguliwa Agosti, kabla joto halijaisha, na kufungwa mapema, Ufini ikifunga Jumamosi ya juma la 22, yaani mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Likizo ya majuma kumi hivi huangukia wakati ambapo jua karibu halitui, na si ajabu watu hawa, wanaopitia giza la miezi kadhaa, hawataki kupoteza mwanga ndani ya darasa. Likizo ya kuteleza thelujini hutolewa kwa zamu mwezi wa Februari na Machi, kusini ikitangulia nchini Ufini na kaskazini ikimalizia.

Siku ya kufunga shule nchini Ufini huimbwa Suvivirsi, utenzi wa kanisa wa kushangilia kiangazi, ambao Waswidi nao wanao kwa lugha yao. Kila baada ya miaka huzuka mjadala kama utenzi wa dini unafaa katika shule ya wote. Mpaka sasa unaendelea kuimbwa.

Nchi za kusini na mashariki

Kusini mwa Ulaya joto ndilo linaloamuru. Shule za Italia hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa karibu na katikati ya Septemba, kila mkoa ukitangaza tarehe yake, hivyo mtoto ana majuma 12 hadi 14 bila masomo huku mzazi ana likizo ya majuma machache tu. Pengo hilo hujazwa na bibi na babu, parokia na kambi za kulipia. Hispania hufanana na Italia. Likizo yake ya Krismasi huendelea hadi tarehe 6 Januari, siku ambayo watoto hupokea zawadi kutoka kwa Mamajusi. Mkoa wa Cantabria ulianza mwaka 2016 mpango wa miezi miwili ya masomo na juma moja la mapumziko. Ugiriki hufungua karibu na tarehe 11 Septemba kwa baraka ya maji inayotolewa na kasisi wa Kiorthodoksi, Bulgaria tarehe 15.

Urusi, Poland, Ucheki na nchi nyingi za jirani hufungua tarehe 1 Septemba, au Jumatatu inayofuata. Katika Umoja wa Kisovyeti tarehe hiyo iliitwa rasmi Siku ya Maarifa mwaka 1984. Watoto huja na maua kwa ajili ya walimu, na mwanafunzi wa darasa la mwisho humbeba begani mtoto wa darasa la kwanza anayepiga kengele ya ufunguzi. Sherehe hiyohiyo ndiyo iliyovamiwa na magaidi katika mji wa Beslan, Ossetia Kaskazini, tarehe 1 Septemba 2004. Wanafunzi, walimu na wazazi walishikwa mateka kwa siku tatu, na zaidi ya watu 330 walikufa, wengi wao watoto.

Nchini Ukraine vita vimeivuruga kalenda tangu mwaka 2022. Katika mji wa Kharkiv, ulio karibu na mpaka wa Urusi, madarasa yalifunguliwa ndani ya vituo vya treni ya chini ya ardhi mwezi wa Septemba 2023, kwa kuwa hapakuwa na jengo la juu lenye usalama wa kutosha.

Romania iliacha mihula miwili mwaka 2022 na kuchukua vipindi vitano vifupi.

Sikukuu za dini

Kalenda za Ulaya zimejengwa juu ya Krismasi na Pasaka, hata katika nchi ambazo watu wengi hawaendi tena kanisani. Ugiriki na nchi nyingine za Kiorthodoksi hufuata Pasaka yao, ambayo mara nyingi huja baadaye. Kwa wanafunzi Waislamu, siku za Idi kwa kawaida ni siku za masomo. Mji wa Hamburg ulitia saini mwaka 2012 mapatano na jumuiya za Kiislamu yanayompa mwanafunzi haki ya kutohudhuria siku hizo, na mahali pengine mwalimu mkuu hutoa ruhusa kwa maombi ya mzazi. Kwa kuwa Idi hutegemea mwezi kuandama, ugumu hujitokeza pale mtihani wa taifa unapopangwa siku hiyo mwaka mzima kabla.

Likizo na njaa

Mjadala wa zamani ulihusu iwapo watoto husahau masomo. Wa karibuni umehusu chakula. Katika nchi zenye mlo wa shule wa bure kwa maskini, kila likizo ni kipindi ambacho mlo huo haupo. Mwaka 2020, wakati shule zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, mchezaji wa kandanda Marcus Rashford, aliyekulia katika nyumba iliyotegemea mlo huo, aliishinikiza serikali ya Uingereza iendelee kuwalisha watoto wakati wa kiangazi. Serikali ilikataa kwanza, kisha ikabadili msimamo mwezi wa Juni. Nchini Ufaransa shirika la Secours populaire limekuwa tangu mwaka 1979 likiwapeleka kila Agosti maelfu ya watoto ambao hawakusafiri kwenda ufukweni kwa siku moja.

Uhusiano na Afrika ya Mashariki na Kati

Kalenda ya Ulaya hugusa pwani ya Afrika Mashariki kupitia utalii: hoteli za Zanzibar, Malindi na Watamu hujaa Julai na Agosti, na tena wakati wa Krismasi, familia za Ulaya zinapokuwa likizoni.

Kwa wanafunzi tofauti ya miezi ina gharama. Mhitimu wa Kenya anayefanya mtihani wa sekondari mwezi wa Novemba na kutaka kuingia chuo kikuu cha Ulaya husubiri hadi Septemba au Oktoba ya mwaka unaofuata. Mhitimu wa kidato cha sita Tanzania hufanya mtihani Mei na kupata matokeo karibu na Julai, mara nyingi baada ya tarehe za maombi ya vyuo hivyo kupita.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, zilizotawaliwa na Ubelgiji, hufungua shule mwezi wa Septemba. Rwanda ilikuwa ikianza Januari, na baada ya kufungwa kwa shule wakati wa UVIKO-19 ikahamia vuli mwaka 2021. Kwa hiyo Ziwa Tanganyika lina kalenda mbili: mtoto wa Kalemie au Bujumbura anayehamia Kigoma mwezi wa Oktoba hukuta wenzake wakijiandaa kumaliza darasa ambalo yeye ameanza juzi.